Picha Lenye Nguvu ya Soda

Mfyuuu! Nani tena kaliamsha hili la Ghost Ship hapa kijiweni asubuhi yote hii? Mimi nikilisikia tu jina lake damu inachemka. Na si kwamba ni picha baya. Picha baya halina ugomvi na mtu: unalizima, unalala, kesho umelisahau. Hili lilitupa dakika chache za mwanzo ambazo hakuna mpenzi wa filamu za kutisha anayezisahau, halafu likatumia saa nzima na ushee kuzifuja mbele ya macho yetu. Kunyimwa nimezoea. Kupewa halafu kupokonywa, hapana.

Kwa nyie vijana ambao mwaka 2002 mlikuwa hamjazaliwa, ngoja niwasimulie, maana bila kuujua mwanzo hamtaelewa kwa nini tunasonya.

Ni Mei 1962. Meli ya abiria ya Kitaliano, jina lake Antonia Graza, iko katikati ya bahari usiku. Hata jina la picha linaingia kwa mwandiko wa kuviringa, rangi ya waridi, na muziki laini, mpaka unajiuliza kama umewekewa picha la mapenzi la zamani kwa makosa. Watu wanacheza dansi. Wanaume wako kwenye suti, wanawake kwenye magauni marefu, na mwimbaji aliyevaa gauni jekundu anaimba Kitaliano bila haraka. Kuna mtoto wa kike, Katie, yuko peke yake, hana wa kucheza naye. Ofisa mmoja wa meli, mtu mzima mwenye sare yake, anacheza naye kwa heshima zote kama anacheza na mke wa balozi.

Mahali pengine mle melini mkono wa mtu unavuta hendeli. Mkono tu, sura hatuoneshwi. Waya mwembamba wa chuma unaanza kukimbia kwenye gurudumu lake, unakimbia, unakaza, unachomoka, unafagia uwanja mzima wa dansi kutoka upande huu mpaka upande ule.

Halafu hakuna kinachotokea.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia aliyelitengeneza. Watu wamesimama. Wanatazamana. Muziki umekatika. Wewe mtazamaji unadhani umepitwa na kitu, unataka kumuuliza jirani. Mmoja anajiangalia tumboni, mwingine anajishika shingo, na ndipo miili inaanza kukumbuka kwamba imekatwa. Wanaanguka vipande. Katie peke yake ndiye mzima, kwa sababu moja tu: ni mfupi. Yule ofisa wake alikuwa ameinama kumwelekea. Anamtazama mtoto, mtoto anamtazama yeye, mpaka kichwa chake kinaachana palepale usawa wa mdomo, na mtoto anapiga yowe.

Jamani! Nimeona mabaunsa wakifunika macho kwa kofia pale.

Sasa niambieni, jini liko wapi hapo? Hakuna. Hakuna mzimu, hakuna mlango unaojifungua wenyewe, hakuna sauti ya kunong'ona kutoka ukutani. Kuna mtambo, kuna waya, kuna mtu aliyeshika hendeli. Mzee wetu wa hapa aliyezeekea bandarini, kwenye kazi ya kufunga meli gatini, ndiye aliyetufumbua macho. Anasema siku ya kwanza kazini kabla hujafundishwa kufunga kamba unafundishwa mahali pa kutosimama. Kamba au waya ukivutwa unaweka nguvu ndani yake. Kadiri unavyokaza ndivyo nguvu inavyojaa, na kwa macho huioni, unaona waya umetulia tu. Ukikatika, nguvu yote inatoka kwa mkupuo mmoja na ncha inarudi kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa. Mabaharia wameuawa hivyo kwenye bandari nyingi duniani, wengine wakapoteza miguu. Kukata ukumbi mzima wa watu kwa pigo moja, anasema mzee, hayo ni ya sinema. Hofu yake lakini ni hofu ya mtu aliyefanya kazi karibu na waya, na anayejua kwamba kitu kinachoua hakihitaji kukuchukia.

Ndiyo maana mwanzo ule unakaa moyoni. Unakutisha kwa kitu unachokielewa. Na unakuachia swali moja la kibinadamu kabisa: mkono ule ulikuwa wa nani, na kwa nini?

Shikeni hilo swali.

Picha linaruka miaka arobaini. Tunakutana na kundi la waokoa meli wakiwa na tagi lao, Arctic Warrior. Kazi yao ni kwenda baharini, kuokota chombo kilichotelekezwa na kukivuta mpaka nchi kavu, kwa sababu sheria za bahari zinampa mwokoaji haki ya kudai malipo. Ni kazi ya kubahatisha na wamechoka nayo. Nahodha wao ni Murphy, kacheza Gabriel Byrne. Msaidizi wake ni Epps, kacheza Julianna Margulies, ambaye watu walishamzoea kwenye tamthilia ya hospitali ya ER. Wamo Isaiah Washington, Ron Eldard, na Karl Urban kabla hajawa jina kubwa. Hawa wote ni watu wanaojua kuigiza, msiniambie tatizo lilikuwa waigizaji. Anakuja rubani kijana, Jack Ferriman, na picha alizopiga akiwa angani: kuna meli kubwa inaelea bila mwenyewe kule bahari ya Bering. Wanakubaliana mgawo, wanaondoka. Meli yenyewe ndiyo Antonia Graza, imekula kutu, ukumbi wake wa dansi umeoza.

Na hapo bado picha lina uhai, niseme haki. Ile kutembea na tochi kwenye korido. Lile bwawa la kuogelea lililokauka, lenye matundu ya risasi. Wanaokota saa ya mkononi ya kidijiti, kwenye meli iliyopotea 1962! Maana yake kuna watu waliotangulia kufika kabla yao, na hawakurudi kusimulia. Kitu kidogo kile, saa tu, kinakufanya uangalie nyuma ya kochi lako. Mwongozaji Steve Beck alitokea kwenye ufundi wa picha za kompyuta na maumbo, na jicho lake unaliona: meli ile imejengwa ukaamini.

Kisha wanapata dhahabu, makreti kwa makreti, na kuanzia hapo picha linaanza kukimbia hovyo. Tagi linalipuka na mtu mmoja anakufa nalo. Greer, mmoja wa kundi lao, anamfuata mwimbaji wa gauni jekundu, ambaye ni mzimu, anadondoka shimoni. Wengine wanafungua makopo wanakula kwa hamu, kumbe wanakula funza. Murphy anakunywa na mzimu wa nahodha, anarudi kwa wenzake amechanganyikiwa, wanamfungia kwenye tangi la samaki lililokauka, na kuna mtu analijaza maji. Kila kifo kina vitimbi vyake na hakuna hata kimoja kinachokuuma. Mwanzo walikufa watu tusiowajua majina na tukaumia, kwa sababu tuliwaona wakicheza. Hawa tumekaa nao saa nzima, wanakufa, na mtu pembeni yangu anaomba karanga.

Nakuja sasa kwenye kitu ambacho wengi hawakitaji wanapolisema picha hili. Jibu la lile swali lilikuwamo ndani, tena lilikuwa jibu zuri. Katie, ambaye sasa ni mzimu, anamshika Epps na kumwonesha yaliyotokea usiku ule. Kumbe ni mabaharia wenyewe. Wametia sumu kwenye chakula. Waliobaki wamepigwa risasi, wengine wamepangwa kando ya bwawa. Waya ule wa dansi ulikuwa sehemu ya mpango huohuo. Abiria wa meli nzima wameuawa na watu waliokuwa wanawapikia, wanawatandikia vitanda, wanawafungulia milango, na sababu ni dhahabu iliyokuwa imepakiwa. Wakishamaliza abiria wanageukiana wao kwa wao. Mtoto wa watu ananyongwa kabatini.

Lahaula! Picha lingeishia hapo, ningenyanyuka nikaenda zangu nikiwa nimeshiba. Mnaona uzito wake? Mhudumu aliyekuwekea supu ndiye aliyetia sumu. Mkono uliovuta hendeli ni mkono wa mtu mwenye mshahara, mwenye mke bandarini, aliyepiga hesabu akaona kichwa chako ni chepesi kuliko kreti moja. Hofu hiyo unaondoka nayo mpaka nyumbani, na kesho ukiingia kwenye boti unawatazama mabaharia usoni.

Ila hata hapo hawakutulia. Sehemu hiyo yote wameipitisha mbio, imekatwakatwa, na chini wameweka muziki wa mdundo wa klabu ya usiku. Watu wanakufa kwa kupangwa mstari na spika zinapiga dansi la vijana! Mwanzo walituachia ukimya tukajitisha wenyewe. Hapa kwenye jambo zito kuliko yote wakaogopa tutachoka.

Na bado hilo ningelimeza. Nisichokimeza ni Ferriman.

Yule rubani kijana anajitokeza mwishoni kwamba yeye si mtu. Ni mkusanya roho. Alikuwa mwenye dhambi duniani, akapewa kazi hiyo baada ya kufa, na meli ni mtego wake: anatia dhahabu, watu wanaingia tamaa, wanauana, yeye anazitia alama roho zao na kuzihesabu mpaka meli ijae, kisha anapeleka mzigo kwa wakubwa zake. Ndiye aliyewachochea mabaharia wa 1962. Ndiye aliyelileta kundi la Murphy. Anasimama pale anamweleza Epps kila kitu, kwa mpangilio, kama karani anayetoa taarifa ya mwaka, na mimi nilihisi hofu inanitoka vidoleni. Kumbe ni hesabu! Kumbe Jehanamu nayo ina idadi ya kufikisha!

Hapa kijiweni tuliliwashia moto suala hili mpaka kahawa ikapoa. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, sasa kaka, picha linaitwa meli ya mizimu, ulitaka lisiwe na shetani? Nikamwambia mizimu iwepo hata elfu. Katie ni mzimu na simlaumu, ndiye mwenye haki zaidi ya kusema kuliko wote mle ndani. Ugomvi wangu ni kwamba Ferriman amewasafisha wauaji. Nenda mahakama yoyote ya mwanzo, kaa benchi la nyuma, usikilize mtuhumiwa aliyeshikwa na ng'ombe wa jirani. Atasema nini? Shetani alinipitia, mheshimiwa. Wote tunaijua sentensi hiyo, na hakuna hakimu anayemwachia mtu kwa sababu yake. Ghost Ship linamwachia. Limechukua mauaji ya mamia ya watu, mauaji yaliyopangwa jikoni na kwenye chumba cha mitambo na watu wenye akili timamu, likayakabidhi kwa kiumbe mmoja mwenye tabasamu. Swali lilikuwa mkono ule ni wa nani. Jibu la mwisho linasema haujalishi, ulikuwa unavutwa na mwingine.

Na sisi wa upande huu hatuwezi kulipokea jibu hilo kirahisi. Mtu wa Mwanza anaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu kabisa na kufika, na mamia wakafia ziwani. Mtu wa Unguja na Pemba anaukumbuka usiku wa Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama kwenye mkondo wa Nungwi, na maiti zikawa zinapangwa uwanjani ndugu wapite kutambua. Meli zote mbili zilikuwa zimejazwa kupita uwezo wake. Hazikuzamishwa na jini. Nauli zilipokelewa kwa mikono ya watu, watu walihesabiwa au hawakuhesabiwa na watu, kamba zilifunguliwa na watu. Aliyefiwa akiambiwa ni kazi ya shetani anajua amenyimwa kitu. Ndiyo maana nawaambia, ule mwanzo ulitufaa sisi kuliko wengine wote, na ule mwisho ulituumiza zaidi.

Mzee wa bandarini aliposikia hivyo akatikisa kichwa, akasema tamaa tu ilitosha. Hakuongeza neno.

Mtu atauliza, sasa walifikaje huko? Watu hawahawa waliotengeneza mwanzo ule wanawezaje kuutengeneza mwisho huu? Jibu ni kwamba hawakuwa na picha moja kichwani. Hadithi ilianza kwa mwandishi anayeitwa Mark Hanlon, na jina lake la kwanza lilikuwa Chimera. Ilikuwa hadithi ya watu wachache ndani ya meli tupu, tamaa na wasiwasi vinawatafuna polepole mpaka hawaaminiani, bila damu ya kumwaga kwa ndoo. Kisha ikafanyiwa kazi upya na John Pogue, ikaongezwa mizimu, vifo vya madoido, na huyo mkusanya roho. Waigizaji wakubwa kama Margulies walivutwa na ile ya kwanza. Ukilitazama ukijua hivyo unaona kabisa mishono: Byrne anaigiza picha moja, la mtu mlevi anayepambana na dhamiri yake, na picha linalomzunguka ni lingine.

Kampuni yenyewe ni Dark Castle, ya kina Joel Silver na Robert Zemeckis, iliyoanzishwa miaka ya mwisho ya tisini ikichukua jina kutoka kwa William Castle, yule mtengenezaji wa zamani aliyekuwa anafanya vituko ndani ya majumba ya sinema ili watu wapige kelele. Walianza kwa kuzirudia filamu zake, House on Haunted Hill mwaka 1999 na Thir13en Ghosts mwaka 2001, hiyo ya pili ikiongozwa na Beck huyuhuyu. Ghost Ship lilikuwa la kwanza lao lisilotokana na filamu ya Castle. Lilitoka Oktoba 2002, msimu wa Halloween, kwa gharama ya dola kama milioni 20, likaingiza zaidi ya milioni 60. Kwa mhasibu hakuna kosa lolote. Tiketi hulipwa mlangoni wakati wa kuingia, hakuna mahali popote duniani mtu analipa akitoka. Mwanzo ndio unaouzwa. Rafiki anamwambia rafiki, nenda kaone ule waya. Hakuna anayemwambia mwenzake nenda kaone Ferriman anavyojieleza.

Wala si picha hili peke yake lenye ugonjwa huo. Kuna When a Stranger Calls la 1979: msichana analinda watoto wa watu usiku, simu inaita, sauti inamuuliza kama amekwenda kuwaangalia watoto. Dakika kama ishirini za kwanza mtu hapumui. Kumbe dakika hizo mwongozaji Fred Walton alizitengeneza kwanza kama filamu fupi iliyosimama yenyewe, ndipo ikavutwa iwe ndefu, na unaona kabisa pale ilipoungwa, inageuka kuwa mpelelezi anamfuatilia mtu mitaani. Kuna I Am Legend la 2007, la Will Smith peke yake na mbwa wake ndani ya New York tupu. Nani hapa hakulia kwa yule mbwa? Walishapiga mwisho ambao Smith anagundua kwamba wale viumbe wana mapenzi kati yao, kwamba kwao wao yeye ndiye jitu la kutisha. Wakawaonesha watazamaji wa majaribio, hawakufurahi, ukatupwa, ukawekwa wa bomu la mkono na ushujaa. Mwisho wa kwanza ukaja kutolewa baadaye kwenye DVD, na leo ukiwauliza wapenzi wengi watakuambia ndio uliostahili.

Msije mkadhani nadai mwisho mzuri ni wa furaha. The Mist, la mwaka huohuo 2007, linamalizika kwa baba ndani ya gari na bastola na uamuzi ambao sitausema kwa heshima ya ambao hawajaliona. Lile jambo analifanya yeye, kwa mkono wake, kwa mapenzi yake, na ukungu wa nje hauna lawama. Nilitoka pale sina sauti. Na Night of the Living Dead la 1968, la pesa ndogo kabisa, nyeusi na nyeupe, linamaliza kwa jambo ambalo binadamu wanamfanyia binadamu baada ya usiku wa maiti zinazotembea kwisha, na mpaka leo hakuna aliyeweza kulipita. Hao hawakumwita mtu wa kuja kueleza.

Tena mambo ya bahari yenyewe yanaonesha kwamba maelezo hayahitajiki. Desemba 1872 meli iitwayo Mary Celeste ilikutwa inaelea Atlantiki, haina mtu. Shehena yake, mapipa ya alkoholi zaidi ya elfu moja na mia saba, ilikuwamo. Mashua ya kuokolea haikuwapo. Nahodha alikuwa na mkewe na binti yao mdogo wa miaka miwili, na hakuna aliyeonekana tena. Miaka mia na hamsini imepita watu bado wanaandika vitabu juu yake. Angetokea mtu wa mwaka 1873 akadai roho zilichukuliwa na rubani mwenye hesabu, nani angekuwa bado anaisoma?

Nikumbushe pia kitu ambacho wenzetu wa mbali hawana. Sisi wengi tuliliona picha hili kibandani, kwenye benchi la mbao, feni moja kwa watu wote, na mtafsiri juu yake. Nyie mliokulia kwa sauti ya Lufufu Dar es Salaam au DJ Afro Kenya mnajua mtafsiri anafanya nini mwisho unapolegea: anautia mbavu. Kwenye lile tuliloliona sisi, mtafsiri alipofika kwa Ferriman hakumtafsiri kabisa. Alimwacha aongee Kiingereza chake, akatuambia sisi kwa sauti ya chini, "Huyu anatafuta wa kumsingizia, nyie mwangalieni yule mtoto." Ukumbi mzima ukamwangalia Katie. Nilikuja kuliona tena bila yeye, nikasikia Ferriman anasema nini hasa, na ndipo nikaelewa tulikuwa tumeokolewa na nani.

Bado kuna utata wa tukio la mwisho kabisa, na hapo dada yetu wakala wa hapo pembeni alinipa ushindani wa kweli. Epps anailipua meli, Katie anamsaidia kutoka, roho zote zilizofungwa zinapanda juu kwenye mwanga. Epps anaokolewa, anafikishwa nchi kavu, analazwa ndani ya gari la wagonjwa. Milango haijafungwa, anaona makreti yaleyale ya dhahabu yanapakiwa kwenye meli nyingine ya abiria, wapakiaji ni wenzake waliokufa, na Ferriman yuko nyuma yao anamtazama. Anapiga kelele. Mlango unafungwa.

Dada anasema hapo walipatia: dhahabu inaendelea na safari, abiria wapya wanapanda, hakuna anayejua. Nakubaliana naye nusu, na nusu hiyo naikubali kwa moyo wote. Dhahabu kupakiwa tena ni wazo zuri mno. Ila kama roho ziliachiwa huru dakika mbili nyuma, hawa wenzake wanafanya nini pale? Wametuimbia ukombozi kisha wakaufuta kwa sababu walitaka mtu aruke kwenye kiti. Na bado kamera inamtafuta Ferriman, lazima tumwone, lazima tujue ni yeye. Kwa nini? Wangeweka makuli wa kawaida wa bandari ile, watu wazima wenye jasho lao, mmoja anasimama anainua kifuniko cha kreti, anachungulia, anaangalia kushoto na kulia kama kuna aliyemwona. Basi! Dada akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo ningeogopa zaidi, kaka, kwa sababu hata mimi ningechungulia."

Sehemu ya pili hawakuitengeneza, na kama wangeniuliza ningewaambia waachane na meli kabisa. Wamfuate Epps. Ndiye shahidi pekee aliye hai wa vifo vya watu wote wale, wa 1962 na wa kundi lake mwenyewe. Anajua dhahabu iko kwenye meli gani na imeondoka saa ngapi. Wamweke mbele ya watu wa bandari, wa polisi, wa bima, aeleze, na kila anayemsikiliza aanze kuuliza kwanza thamani ya mzigo.